Maana ya "Nimeona"

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeingia pamoja na Mkurugenzi mpya wa Mitihani. Alifika ofisini kwangu viatu vimelowa, akanisalimu kwa heshima zote, akaniita Mama, kisha akauliza kama ni kweli wizara hii bado inatumia faili za karatasi. Nikamwambia wizara hii bado inatumia pini. Akacheka, akidhani namtania. Ni binti aliyetoka chuo kikuu moja kwa moja, serikalini hajafanya kazi hata siku moja, na sidhani kama amefika miaka thelathini na mitano.

Waziri ameingia saa moja na nusu, na koti lake lile lile la kijivu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Dari ya korido inavuja pale pale pa kila mwaka. Ndoo imewekwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu amenicheka kuniona naandika daftari. Anasema miaka kumi na tisa nimeandika maneno ya mtu mwingine, si ajabu ya kwangu yamenijaa mpaka shingoni. Labda. Mimi ni katibu muhtasi, na Waziri wangu nimemfuata wizara nne: Ardhi, Mambo ya Ndani, Fedha, na sasa Elimu. Kila anapohamishwa huhama na kalamu yake ya wino wa kijani, saa yake ya mezani, na mimi.

Watu humwita Breki. Anajua, wala hakasiriki. Husema gari lisilo na injini halifiki popote, lakini lisilo na breki hufika pabaya. Mambo mapya hayapendi. Faili yoyote ikimfikia huilaza siku saba kabla hajaigusa. Alipokuwa Ardhi, faili moja ya kuhamisha watu ililala hadi ikagundulika ramani yake ilikuwa ya uongo, na nyumba mia mbili zikapona. Alipokuwa Mambo ya Ndani, faili nyingine ililala vile vile, na mtu aliyekwisha kusamehewa akakaa gerezani wiki sita za bure. Hiyo ya kwanza huisimulia mikutanoni. Ya pili hatujawahi kuizungumza, ingawa barua ya kumtoa yule mtu niliichapa mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Waziri ameniagiza nimfundishe Mkurugenzi "mwandiko wa nyumba hii". Ni somo fupi. Waziri akiandika kwenye faili *Endelea*, ni ndiyo. Akiandika *Tuzungumze*, ni labda. Akiandika *Nimeona*, ni hapana. Akiandika *Nimeona, asante*, ni hapana na usithubutu kuirudisha. Neno hapana lenyewe hajaliandika tangu nimfahamu. Bosi wake wa kwanza, enzi za ujana, alimwambia kwamba faili haifi, na hapana iliyoandikwa itakuja kumtafuta mwenyewe hata baada ya miaka ishirini. Tangu hapo yeye huona tu.

Kila afisa mpya hunijia kwa somo hili, nami hulitoa kwa raha, kama mtu anayeonyesha wageni mlango wa nyuma. Kesho nitashuka kwa Mkurugenzi.

Jumanne, 11 Machi

Nilishuka. Nilimkuta ana kazi nyingi. Nitamweleza siku nyingine.

Jumatano, 12 Machi

Ndoo imejaa mara mbili. Faili ya Mkurugenzi imefika juu: anaomba kibali atoe waraka kwa shule zote, wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kujisajili na kufanya mtihani wa mwisho. Waziri ameusoma ukurasa wa kwanza, akaipeleka faili kulala. Jambo hili amelipinga bungeni mara nne. Hotuba zote nne nimezichapa mimi.

Jumanne, 18 Machi

Faili imeamka. Ameandika *Nimeona*, akatia sahihi na tarehe, akaenda kujiandaa na safari. Anafuatana na ujumbe wa Rais, siku kumi na nne.

Nimeishusha faili mwenyewe. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akakaa, kisha akanishika mikono yote miwili. Alisema hakutegemea, na kwamba huko nje watu wanamsingizia sana Waziri wetu. Nikamtakia kazi njema.

Ijumaa, 21 Machi

Waraka umetoka. Usajili unafungwa tarehe thelathini na moja.

Nimekuja na nakala moja nyumbani. Mdogo wangu aliacha cherehani, akausoma mara mbili. Yeye aliacha shule akiwa na miaka kumi na saba, muhula mmoja kabla ya mtihani, na mtoto aliyekuwa tumboni leo ni mwanamume mwenye kazi yake mji mwingine. Aliuliza tu kama mhuri ule ni wa kweli.

Jumatano, 26 Machi

Simu za walimu wakuu kutwa nzima. Mmoja alilia. Mwingine alitaka kujua kama serikali imerukwa na akili.

Jumatatu, 31 Machi

Usajili umefungwa. Wasichana mia nne na kumi na mmoja. Leo pia redio imetangaza kwamba Waziri Mkuu anaachia ngazi kwa sababu ya maradhi. Korido nzima inalitaja jina moja tu, la Breki. Wazee wa chama wanamtaka yeye. Dereva wake ameshaanza kuliosha gari kwa sabuni nzuri.

Alhamisi, 3 Aprili

Amerudi. Hakupiga kelele, si kawaida yake. Alivua koti, akaniomba nifunge mlango, akaweka gazeti mezani likiwa limekunjwa penye kichwa cha habari: *Breki aachia*. Akauliza nani ametoa amri. Nikasema waraka umetolewa na Mkurugenzi wa Mitihani kwa kibali kilichomo ndani ya faili. Akaitaka faili, akautazama mwandiko wake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Niliandika Nimeona," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na Nimeona si Endelea."

"Si Endelea."

Mkurugenzi akaitwa. Maskini, aliingia anatabasamu. Waziri akamwuliza alilielewaje neno lile. Akaeleza kwa adabu kwamba aliomba kibali, akajibiwa kwa neno na sahihi. Na kwa watu wote anaowajua yeye, ukimpelekea mkubwa shauri, akasema ameliona na akatia sahihi, basi amelipitisha. Kisha akauliza, bila ufedhuli wowote:

"Mheshimiwa, kama ulimaanisha hapana, mbona hukuandika hapana?"

Swali hilo hajaulizwa katika wizara zote nne. Alifungua kifuniko cha kalamu, akakifunga. Alimwambia anaweza kwenda. Aliniuliza mimi kama Mkurugenzi alipewa maelezo ya mwandiko wetu, nikajibu kwamba ratiba zetu hazikukutana. Akakubali. Alikubali mara moja, bila hata kunitazama, maana kwa miaka yote hii neno langu hajawahi kulilaza.

Sijala vizuri leo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua mchana kutwa. Barua tisa.

Jumanne, 8 Aprili

Amekuja Katibu wa chama, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mlango ulikuwa wazi nusu, nikasikia. Kamati ya wazee inakutana tarehe ishirini na nne, na jina litakalotoka pale ndilo Rais atakalolichukua. Wanataka kuhakikisha jambo moja tu, kwamba breki bado inashika. Waziri aseme Mkurugenzi alijichukulia madaraka, waraka ufutwe, mambo yaishe.

Katibu huyo alipotoka akasimama mezani kwangu. Alikuwa na karatasi tayari imeshachapwa: mimi, katibu muhtasi wa miaka kumi na tisa, nathibitisha kwamba neno *Nimeona* katika ofisi hii halijawahi kumaanisha kibali. Inabaki sahihi yangu tu. Kila neno lililomo ni kweli. Nikasema nitaisoma vizuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkurugenzi ameambiwa asubiri nyumbani hadi kamati ikae. Alikuja kuniaga na boksi la vitabu. Aliniuliza kama mimi nilijua maana ya lile neno siku nilipomletea faili. Nikamwambia mvua imezidi, achukue mwavuli wangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Dereva amenisimulia jambo, huku akiniomba lisitoke nje. Jana Waziri alimwambia wapite shule moja ya pembezoni, ambako wasichana hawa wanapewa masomo ya marudio hata Jumapili. Hakushuka. Walikaa garini karibu nusu saa, mvua inanyesha. Msichana mmoja alifika amebeba mtoto, akamkabidhi bibi mmoja pale getini, akaingia darasani mbio. Yule bibi akabaki chini ya kibanda cha mlinzi, mtoto mgongoni.

Waziri akauliza, "Yule mama atakaa pale mpaka saa ngapi?"

Dereva akasema, "Mpaka kipindi kiishe, Mheshimiwa. Atakwenda wapi?"

Akasema waondoke. Dereva anaamini mzee amelainika. Mimi ninayemjua sidhani. Leo asubuhi kanisomea barua kwa gazeti akisema ndoa ikidharauliwa na shule ikajifanya haijaona, taifa litalea watoto bila baba. Anaamini kila neno la barua ile. Lakini mwisho wake aliniambia nisiipeleke kwanza, na hiyo si kawaida.

Jumatano, 16 Aprili

Karatasi ya chama bado imo drooni mwangu. Katibu wa chama amepiga simu mara mbili. Jua kidogo saa nane.

Jumamosi, 19 Aprili

Jana ilikuja orodha kamili ya waliojisajili, ili iambatishwe kwenye faili. Niliipitia kwa vidole kama ninavyopitia orodha zote, nikitafuta majina yaliyoandikwa mara mbili. Namba mia mbili sitini na nane ni mdogo wangu. Jina lake, la baba yetu, la babu yetu. Umri, thelathini na tisa.

Leo nimemkabili. Alikuwa anapinda suruali ya mtu.

"Usinitazame hivyo, Dada," alisema. "Waraka wenu haukutaja umri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia ningoje."

Nilitoka nje, nikakaa barazani. Kumbe hivi ndivyo anavyoniona mtu niliyemlea. Na kweli, angeniambia kabla, hilo ndilo neno hasa ambalo lingenitoka.

Jumatatu, 21 Aprili

Basi niliandike, maana daftari langu mwenyewe nimelidanganya. Tarehe kumi na moja Machi Mkurugenzi hakuwa na kazi nyingi. Alinikaribisha, akanivutia kiti. Faili ile ilikuwa wazi mezani, na macho yangu yamezoea kusoma maandishi yaliyogeuka. Nikaisoma yote, nikajua nikimweleza mwandiko wetu atajua *Nimeona* ni hapana, ataacha, kama wanavyoacha wote, na faili itaishia kabatini. Nikamkumbuka mdogo wangu siku aliyorudi nyumbani na begi lake la shule, mama akiwa amesimama mlangoni hajui amfungulie au la. Nikasema nimepita kumsalimu tu. Nikapanda ngazi.

Sikuwa na mpango. Nilinyamaza tu. Ila kunyamaza nimejifunza kwa mwalimu bingwa, na najua kunyamaza nako ni kuamua.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia. Niliingia na chai yake, nikaweka mezani ile karatasi ya chama bila sahihi, nikaweka na orodha, nikamwonyesha mstari wa mia mbili sitini na nane. Nikasema, "Huyu ni mdogo wangu, Mheshimiwa. Nilijua juzi tu. Lakini kuhusu Mkurugenzi nilijua tangu mwanzo. Sikumweleza makusudi."

Aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaiweka.

"Ratiba hazikukutana," alisema.

"Zilikutana."

Nilitegemea ukali. Ningeuweza ukali. Aliketi tu, akiitazama chai, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee wa miaka sitini na saba.

"Bibi Muhtasi," alisema, "miaka kumi na tisa sijawahi kufunga droo yangu."

Nikasema najua. Nikasema nipo tayari kuandika barua ya kuacha kazi, na pia kueleza kwenye kamati kwamba kosa ni langu, si la yule binti. Akaniambia sitasema chochote kwenye kamati. Nitakwenda kuandika kumbukumbu, kama kawaida. Kisha akaniomba nimwitie dereva. Chai hakuigusa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika kama nilivyosikia, maana zile kumbukumbu rasmi wamezifupisha.

Chumba kilikuwa na wazee tisa na Katibu wa chama. Walianza kwa kumsifu. Mmoja alimwita nguzo. Kisha Mwenyekiti akasema kuna hili jambo dogo la waraka, na kwamba wote wanaelewa Waziri alizungukwa na maafisa wake. Alihitaji kuitikia tu.

Waziri akasimama. Alisema hakuzungukwa na mtu. Maandishi ni yake, sahihi ni yake, na aliyeyasoma aliyasoma kwa Kiswahili cha watu wote, wala si cha ofisi moja. Mwenyekiti akamwuliza, basi ndiyo kusema siku hizi anauunga mkono waraka ule?

"Siungi mkono," akasema. "Mkiniletea leo nitaukataa, na safari hii nitaandika hapana. Lakini watoto mia nne wameitwa na serikali. Wameambiwa njooni, wakaja. Tukiwafungia mlango leo kwa sababu waziri aliona haya kuandika neno moja, tutakuwa tumehifadhi nini? Mimi nimesimama hapa miaka yote nikisema serikali isiwe kigeugeu. Sikusema isiwe kigeugeu kwa watu wazima tu."

Mzee mmoja akasema ahadi ni deni, lakini hii haikuwa ahadi, ilikuwa makosa. Waziri akajibu kwamba yule msichana aliyejisajili hana njia ya kujua tofauti.

Hakuna aliyempigia makofi. Katibu wa chama alikuwa ameshaanza kuandika jina jingine kwenye karatasi yake. Nilikuwa nimekaa upande ule, nikaliona. Waziri hakunitaja mimi. Si kwa jina, si kwa cheo, si kwa kudokeza.

Garini alikaa kiti cha nyuma, nami mbele na dereva. Zamani angeniuliza nimeonaje mkutano. Hakuniuliza.

Jumanne, 29 Aprili

Waziri Mkuu mpya ametangazwa. Si yeye.

Ijumaa, 2 Mei

Mkurugenzi amerudi kazini. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hajui kama anishukuru au akasirike, kwa hiyo atafanya vyote kwa zamu.

Waziri ananiambia "tafadhali" na "asante" kwa kila kitu. Hajawahi kuwa na adabu nami kiasi hiki, na inaniuma kuliko matusi.

Jumatatu, 5 Mei

Baraza jipya limesomwa redioni saa saba. Tulikuwa watu sita tumeizunguka redio ya mapokezi. Wizara ya Elimu kapewa mwingine. Tulingoja labda atatajwa Ardhi, labda Fedha, hata bila wizara maalumu, mpaka muziki ukaanza. Dereva akasema mpanda ngazi hushuka, lakini wengi huwa wanaanguka. Huyu ameshuka kwa miguu yake. Nikaenda chooni nikalia.

Jumatano, 7 Mei

Ameondoka. Alipita kila chumba, akawapa mkono wote, hadi mfagiaji. Kwa Mkurugenzi alisimama kidogo, akamwambia akiletewa faili aandike ndiyo au aandike hapana, na asimwige mzee yeyote. Kwangu alinipa mkono kama kwa wengine, akanikabidhi bahasha. Kalamu alichukua, saa akachukua.

Ndani ya bahasha mna barua ya kuwekwa kwenye kumbukumbu zangu za kazi. Mistari mitatu kwa wino wa kijani. *Amefanya kazi nami miaka kumi na tisa. Ni hodari, hachelewi, na Kiswahili chake ni safi. Nilimwamini.*

Jumatatu, 12 Mei

Waziri mpya hufika saa nne. Faili hazilali, zinapita tu. Moja imepita leo ambayo ingefaa ilale.

Jumatatu, 19 Mei

Mtihani umeanza. Nimeomba ruhusa ya siku moja, nikamsindikiza mdogo wangu. Kwenye foleni alikuwa mkubwa kuliko msimamizi. Wasichana walimwachia nafasi wakidhani ni mwalimu, akawaambia kwa sauti kwamba naye kaja kuteseka kama wao. Wakacheka wote.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Kiswahili. Alirudi saa nane, akavua viatu, akajilaza kwenye mkeka. Alisema kulikuwa na swali la nyakati, na hilo alilijibu lote, hakubakisha kitu. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikaitoa ile barua, nikampa, nikamwambia anisomee neno la mwisho kama mwanafunzi, si kama ndugu. Nikamwuliza: *nilimwamini*, maana yake ni kwamba imani imekwisha?

Alilisoma akiwa amelala chali, barua juu ya uso wake.

"Angetaka kusema imekwisha, angeandika imekwisha," alisema. "Hii *li* yenyewe haisemi imekwisha, Dada. Wala haisemi ipo. Inasema tu kwamba ilikuwa."

Nikaichukua barua, nikaikunja. Nikamwambia aamke ale, kesho ana hesabu.